Dawa za usingizi wa mchana uliopitiliza: mwongozo kwa mkazi wa Dar es Salaam

Anayeamka saa tisa usiku Chanika ili awahi gari la Posta, akarudi nyumbani saa nne usiku, ana kila sababu ya kusinzia. Huyo hahitaji kidonge, anahitaji kulala. Mwongozo huu ni wa mtu anayelala muda wa saa 7 au 8 kila usiku, kwa miezi mitatu au zaidi, na bado anapitiwa na usingizi kwenye kikao, katikati ya maongezi, au akiwa ameshika usukani kwenye foleni ya Tazara. Unamhusu pia mfanyakazi wa zamu ya usiku, na yule ambaye tayari analala na mashine ya kupumulia lakini mchana macho bado mazito.

Dawa zipo na zinasaidia. Ila karibu zote zinafanya jambo moja tu: zinauzuia usingizi usikushike kwa muda fulani. Hakuna inayolipa usingizi uliokosekana, na hakuna kichangamshi kinachofungua koo linaloziba usiku. Ndiyo maana hatua tatu za mwanzo hazina kidonge ndani yake. Ukiziruka, dawa itakuficha ugonjwa nao utaendelea kukua.

Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima, ziwe msaada wa kuzungumza na daktari na mfamasia. Ukiacha kafeini, dawa zote hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Mtoto anayesinzia darasani aonwe na daktari wa watoto. Mara nyingi kinachomsumbua ni nyama za puani au mafindofindo yanayomkoromesha, na modafinili, dawa kuu ya mwongozo huu, haikuidhinishwa kwa watoto.

Hatua ya 1: Pima kusinzia kwako kwa namba

Daktari akisikia "nachoka sana" ataandika vipimo vya malaria na wingi wa damu, na hana kosa. Uchovu na usingizi ni mambo mawili. Jiulize: nikipata kitanda saa nane mchana, nitalala ndani ya dakika kumi, au nitajilaza tu nikitazama feni? Anayelala ana usingizi. Anayetazama feni ana uchovu, na uchovu una njia zake: upungufu wa damu, sonona, tezi ya shingo, sukari.

Kisha jipime kwa kipimo cha Epworth, kilichotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991. Kinauliza uwezekano wa kusinzia katika mazingira manane: ukiwa umekaa unasoma, ukitazama televisheni, umetulia kwenye hadhara kama mkutanoni au ibadani, ukiwa abiria kwenye gari kwa muda wa saa moja bila kusimama, umejilaza mchana, umekaa unaongea na mtu, umekaa kimya baada ya chakula cha mchana bila kunywa pombe, na ukiwa kwenye gari lililosimama dakika chache kwenye foleni. Kila jibu lina alama: 0 siwezi kusinzia, 1 uwezekano mdogo, 2 wa kati, 3 mkubwa. Jumla ya 0 hadi 10 ni kawaida, 11 na kuendelea si kawaida, 16 na kuendelea ni kusinzia kukali.

Mwombe mwenza wako au unayelala naye chumba kimoja akujazie karatasi yake bila kuiona yako. Watu hujipunguzia alama, na madereva ndio hasa. Karatasi mbili zikitofautiana sana, daktari apewe zote.

Kwa wiki mbili andika kwenye daftari: saa uliyopanda kitandani, saa uliyoamka, mara ulizosinzia mchana, kahawa, pombe na kila dawa uliyomeza. Katika wiki hizo jitahidi kulala muda wa saa 7 na nusu kila usiku, hata ikibidi uzichukue wakati wa likizo. Usingizi wa mchana ukikuisha, umeshajua tatizo lako na huhitaji kuendelea kusoma.

Andika pia kama una haya: kukoroma kunakokatika ghafla kisha unashtuka kama mtu aliyekuwa anakabwa, magoti kulegea au taya kudondoka ukicheka au ukishtuka, huku akili iko macho, jinamizi, yaani kuamka ukiwa huwezi kusogea, na kuona watu au kusikia sauti pale usingizi unapokuchukua. Jinamizi la mara mojamoja humpata mtu yeyote. Likija sambamba na magoti kulegea kwa kicheko, daktari anapaswa kufikiria nakolepsia, ugonjwa ambao mara nyingi unatokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza oreksini, kemikali inayomweka mtu macho. Wengi wenye dalili hizi huambiwa wana kifafa au mashetani kabla ya kukutana na anayeujua ugonjwa. Familia ikitaka kuombewa, waombe, ila daktari aambiwe kila kitu, hasa hiyo habari ya kicheko.

Hatua ya 2: Ondoa kinachokusinzisha

Anza na mfuko wako wa dawa. Klofeniramini, ile ya mafua na muwasho inayojulikana sana kwa jina la Piriton, ndiyo ya kwanza kushukiwa. Nayo imejificha ndani ya dawa nyingi za mafua za mchanganyiko. Nyingine ni promethazini, diazepamu, amitriptilini, fenobabitali, kabamazepini, tramado, dawa nyingi za magonjwa ya akili, na methildopa wanayopewa wajawazito wenye presha. Usiache ghafla dawa ya kifafa, ya akili au ya presha kwa sababu umesoma hapa. Muulize aliyekuandikia kama inaweza kuhamishiwa usiku, kupunguzwa au kubadilishwa. Mara nyingi hilo peke yake linatosha.

Kukoroma ndiko kunakopuuzwa zaidi. Njia ya hewa inajiziba, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, na hayo yanaweza kutokea makumi ya mara kwa saa bila wewe kukumbuka hata moja. Uwezekano wa kukatika pumzi usingizini unaongezeka kama una presha, una miaka zaidi ya 50, uzito umezidi sana, shingo yako ina mzunguko wa zaidi ya sentimita 40, na una mtu aliyekushuhudia ukikata pumzi. Chukua futi ya fundi cherehani upime shingo leo. Na mtu akurekodi kwa simu dakika kumi ukiwa umelala chali. Rekodi hiyo ina thamani kubwa kuliko maelezo yako.

Vipimo vya maabara vya kuomba: picha kamili ya damu, sukari, homoni ya tezi (TSH), ini na figo. Kama umetoka karibuni maeneo ya hifadhi za wanyama yenye mbung'o, ukapata homa na kichwa kuuma kabla ya usingizi kuanza, sema neno malale waziwazi. Malale yana dawa yake na hayasubiri. Aina inayopatikana Tanzania huenda kwa kasi, na vichangamshi vitakupotezea muda tu.

Hatua ya 3: Pita mlango unaofaa

Anzia kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, upate vipimo vya awali na barua ya rufaa. Bima nyingi hukwamia hapo: bila rufaa unalipa mfukoni. Baada ya hapo unayemhitaji ni bingwa wa mfumo wa fahamu, au wa masikio, pua na koo kama tatizo ni kukoroma. Muhimbili wapo, na baadhi ya hospitali binafsi za jijini wapo. Kabla ya kupanda gari piga simu uulize maswali mawili: mnafanya kipimo cha usingizi cha usiku kucha, au mnatoa kifaa cha kwenda nacho nyumbani? Na bima yangu inakilipia?

Kifaa cha nyumbani kinatosha kwa mtu anayeshukiwa kukatika pumzi. Hakitoshi kuthibitisha nakolepsia. Hiyo inahitaji usiku kucha wa kupimwa, na kesho yake vipindi vinne au vitano vya kulala mchana, kila kimoja saa mbili baada ya kingine. Wastani wa kupatwa na usingizi ukiwa dakika 8 au pungufu, na usingizi wa ndoto ukaja mapema mara mbili au zaidi, jibu limepatikana. Kipimo hiki kinaharibiwa na usingizi mchache wa wiki iliyotangulia na dawa za sonona, kwa hiyo peleka lile daftari lako na uulize mapema dawa gani isimamishwe na kwa muda gani.

Kama tayari una mashine ya CPAP, ile ya kupumulia usiku, na bado unasinzia, usiombe kidonge kabla ya kusoma kumbukumbu za mashine yenyewe. Tazama namba mbili: wastani wa muda wa matumizi kwa usiku, na idadi ya kukatika pumzi kunakobaki, ambako kunapaswa kuwa chini ya 5 kwa saa. Muda wa saa 4 kwa usiku ndicho kiwango ambacho bima za nje hukubali, lakini wengi huanza kuchangamka vizuri wakifika 6 na kuendelea. Hapa jijini kinachokula muda huo ni umeme kukatika, barakoa inayovuja kwa sababu ya jasho, na pua iliyoziba. Betri ya akiba, mkanda mpya wa barakoa na matibabu ya pua huwa na faida kuliko modafinili.

Hatua ya 4: Ijue dawa unayoandikiwa

Modafinili ndiyo huanza katika nchi nyingi. Vidonge ni vya mg 100 na mg 200. Marekani iliiidhinisha kwa nakolepsia mwaka 1998, baadaye kwa wenye mashine ya CPAP wanaobaki na usingizi na kwa wafanyakazi wa zamu. Ulaya, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, imeibakiza kwa nakolepsia peke yake kwa sababu ya madhara ya ngozi na ya akili. Kwa hiyo madaktari wawili wanaweza kukujibu tofauti na wote wakawa na msingi. Ndugu yake, amodafinili ya mg 150 au 250, hudumu kidogo zaidi kuelekea jioni.

Methilfenideti ni kichangamshi chenye nguvu zaidi kwa baadhi ya watu na chenye hatari zaidi ya kuzoeleka. Kidonge cha kawaida cha mg 10 hufanya kazi kwa muda wa saa 3 hadi 4, ndiyo maana humezwa mara mbili au tatu, cha mwisho kisipite saa tisa alasiri. Jumla kwa siku kwa kawaida haizidi mg 60. Inapandisha presha na mapigo na inakata hamu ya kula. Mgonjwa wa TB sugu anayetumia linezolidi asiiguse: zikikutana presha inaweza kuruka vibaya.

Pitolisanti na solriamfetoli ni mpya zaidi. Pitolisanti ilikubaliwa Ulaya mwaka 2016, na zote mbili Marekani mwaka 2019. Zitaje kwa daktari, ila usisubiri hizo tu. Sodiamu oksibeti, inayonywewa usiku kwa awamu mbili, ni nzuri kwa nakolepsia yenye kulegea viungo lakini ni hatari kabisa ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi.

Kulegea viungo kwa kicheko hakutibiwi vizuri na modafinili. Hapo daktari huongeza dawa ya jamii ya sonona kwa dozi ndogo: venlafaksini kuanzia mg 37.5, au fluoksetini mg 20, ambayo ni rahisi kuipata kwa sababu hutumika kwa mambo mengine. Usiikatishe ghafla. Kulegea kunaweza kurudi kwa kishindo, mtu akadondoka mara nyingi kwa siku. Na ukiwa kwenye dawa hizi usimeze tramado kwa maumivu ya mgongo bila kuuliza.

Kafeini nayo ni dawa, na ndiyo pekee utakayojiandikia mwenyewe. Mg 100 hadi 200 zinatosha kwa wakati mmoja, na mg 400 ni ukomo wa siku kwa mtu mzima mwenye afya. Mjamzito asipite 200. Kikombe kikubwa cha kahawa kina mg 80 hadi 100 hivi, cha chai karibu nusu yake. Vinywaji vya kuongeza nguvu soma lebo: ikiandikwa mg 32 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 400 ina mg 128, na vijana wa bodaboda wanaokunywa nne kwa siku wameshapita 500 pamoja na sukari yote ile. Njia bora ni kunywa kahawa kisha kulala dakika 15 hadi 20 papo hapo. Unaamka kafeini ikiwa ndiyo inaanza kazi. Baada ya saa nane mchana acha.

Mirungi tuiweke kando. Ni marufuku kisheria, na inaharibu usingizi wa usiku unaofuata.

Hatua ya 5: Kabla ya kidonge cha kwanza

Pima presha mara mbili kwa siku tofauti, na ufanyiwe kipimo cha umeme wa moyo. Presha isiyodhibitiwa, mapigo yasiyo na mpangilio au tatizo la valvu, pamoja na lile lililoachwa na homa ya baridi yabisi utotoni, ni sababu ya kusimama kwanza. Mwambie daktari kama umewahi kusikia sauti, kuwa na wazimu wa furaha kupita kiasi, au kutumia dawa za kulevya.

Mpe orodha ya dawa zako zote. Modafinili inalichangamsha ini kuvunja baadhi ya dawa haraka, na nyingine inazipunguzia mwendo. Fenitoini, diazepamu na wafarini zinaweza kupanda mwilini. Kinyume chake, rifampisini ya TB, kabamazepini na fenobabitali huimaliza modafinili upesi ukaona kama umemeza chaki. Anayetumia ARV aende na kadi yake ya kliniki ili mchanganyiko ukaguliwe jina kwa jina.

Kwa wanawake hili ni kubwa na ndilo linalosahaulika. Modafinili hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kipandikizi cha mkononi, na vidonge vya dharura, P2, navyo haviaminiki. Hali hiyo hubaki mwezi mmoja hadi miwili baada ya kuacha dawa. Na modafinili haifai kwa mjamzito: imehusishwa na kasoro za kuzaliwa, zikiwemo za moyo. Pima mimba kabla ya kuanza, na hamia kitanzi cha shaba au tumia kondomu kila mara. Muuguzi wa uzazi wa mpango aliyekuwekea kipandikizi hatajua kuwa umeanza dawa hii, mwambie wewe.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza

Anza siku usiyokwenda kazini na usiyoendesha chombo. Meza mg 100 za modafinili saa 12 au saa 1 asubuhi. Dawa hufika kilele muda wa saa 2 hadi 4 baadaye. Chakula hakiiharibu, ila huichelewesha kama saa moja. Aliyeanza na supu na chapati asiongeze kidonge kwa kuona kimya.

Siku tatu hadi saba za mwanzo punguza kafeini hadi kikombe kimoja. Vikigongana viwili, moyo unadunda, mikono inatetemeka, na utailaumu modafinili kwa kosa la kahawa. Kama mg 100 haitoshi na presha iko sawa, daktari hupandisha hadi mg 200, ambayo ndiyo dozi ya wengi. Ukiona mchana inakatika, inaweza kugawanywa asubuhi na saa 6 mchana. Ukomo ni mg 400 kwa siku, na kwa watu wengi kupita 200 kunaongeza maumivu ya kichwa kuliko uchangamfu. Mzee au mwenye ini bovu huanzia chini na hubaki chini. Ini likiwa limeharibika sana dozi hukatwa nusu.

Hesabu hii ikae kichwani: nusu ya dawa hutoka mwilini baada ya muda wa saa 12 hadi 15. Uliyomeza saa 1 asubuhi, nusu yake inaweza kuwa bado imo saa 4 usiku. Kwa hiyo ukisahau asubuhi ukakumbuka saa nane mchana, iache hadi kesho. Usimeze mbili kufidia.

Mwezi wa Ramadhani dozi ya asubuhi huhamia daku, karibu saa 10 alfajiri, na ya saa 6 mchana haipo tena. Onana na daktari kabla ya mfungo kuandama. Anaweza kukuhamishia amodafinili au dozi moja tu. Kunywa maji ya kutosha usiku, kwa kuwa kiu na modafinili vyote huumiza kichwa. Methilfenideti ya muda mfupi haiendani na mfungo.

Yanayoharibika, na sababu zake

Kichwa kuuma ndilo lalamiko la kwanza, hasa wiki ya kwanza. Maji, kifungua kinywa na parasetamoli hutosha. Kikiendelea, rudi mg 100. Kichefuchefu hupungua ukimeza na chakula.

Kukosa usingizi usiku kwa kawaida kunatokana na kuchelewa kumeza, au kwa kuwa unajiona mzima ukaanza kulala saa saba usiku. Hili la pili ndilo linalowaangusha wengi. Dawa inafanya kazi, mtu anajiongezea saa za biashara Kariakoo, usingizi wa usiku unashuka hadi muda wa saa 5, na baada ya mwezi anasema dawa imezoeleka. Kilichopungua ni usingizi wake. Kabla ya kupandisha dozi fungua lile daftari tena.

Sababu nyingine za dawa "kuacha kufanya kazi": umeanza dawa za TB, umeongezeka uzito na pumzi inakatika zaidi usiku, umerudia pombe ya jioni, au kidonge chenyewe ni bandia.

Upele ni jambo la kusimamisha dawa siku hiyohiyo. Mara nyingi hutokea ndani ya wiki 1 hadi 5 za mwanzo. Ukiwa na malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu au homa, nenda kitengo cha dharura ukiwa na boksi la dawa, na usiijaribu tena hata kama upele umepona. Upele wa joto wa Dar upo pia, hasa Januari na Februari, lakini kutofautisha ni kazi ya daktari. Mwombe mfamasia au daktari aripoti TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Maumivu ya kifua, mapigo ya kurukaruka, kuzimia, kusikia sauti, kutolala siku mbili huku una nguvu za ajabu, mawazo ya kujidhuru: acha dawa, nenda hospitali usiku huohuo.

Zamu ya usiku

Mlinzi, muuguzi au mfanyakazi wa bandarini anayeingia saa 1 usiku humeza mg 200 za modafinili karibu saa 12 jioni, saa moja kabla ya zamu. Sasa rudi kwenye hesabu: nusu bado imo saa 3 asubuhi, wakati anapotakiwa kulala. Ndiyo maana wengine hufanya vizuri kwa mg 100, na ndiyo maana haimezwi saa 6 usiku hata kama ndipo usingizi unapoanza kukolea. Meza siku za zamu tu. Chumba cha kulala mchana kinahitaji pazia zito, feni, vizibo vya masikio na simu iliyozimwa. Mtaa wa Manzese saa tano asubuhi hautanyamaza kwa ajili yako. Na safari ya kurudi nyumbani panda mwendokasi au daladala. Dawa inapunguza usingizi, haiuondoi, na watu wengi wa zamu wanaotumia modafinili bado hupimwa wakiwa na usingizi kuliko kawaida.

Dereva wa abiria, wa lori au wa bodaboda asirudi barabarani hadi daktari aridhike kwamba alama zimeshuka na madhara hayapo.

Kununua

Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuuza dawa hizi. Nenda famasi kamili yenye mfamasia, ukiwa na cheti, na piga simu kwanza kwani si kila famasi huziweka. Kwenye boksi tafuta jina la Modafinil, nguvu ya kidonge, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na uhakikishe namba ya toleo ya boksi inafanana na ya karatasi ya vidonge. TMDA ina orodha ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti yake. Jina lisipoonekana mwulize mfamasia limeingiaje.

Vidonge vinavyouzwa mitandaoni kwa wanafunzi wa vyuo kama "vya akili" viache. Hujui kilichomo, na hakuna wa kumrudia ukitoka upele. Methilfenideti iko chini ya udhibiti mkali: kumiliki bila cheti kunaweza kukuletea kesi, na kuiingiza kutoka nje kunahitaji kibali kabla ya safari. Anayetibiwa India arudi na barua ya daktari, cheti na dawa ndani ya boksi lake la asili.

Hifadhi sehemu kavu, chini ya nyuzi 30. Dashibodi ya gari lililoegeshwa Mlimani City mchana hupita hapo mapema sana.

Marudio na kuacha

Presha na mapigo vipimwe baada ya wiki 1 hadi 2, kisha kila dozi ikibadilishwa. Wiki ya nne jaza Epworth upya, na mwenza wako ajaze yake. Kushuka kwa alama 1 hakusemi kitu. Kushuka kwa 3 au zaidi ni faida ya kweli. Usitegemee sifuri. Mwenye nakolepsia aliyetoka 18 akafika 12 na kulala kidogo mara mbili mchana, dakika 15 hadi 20 kila mara, amefanikiwa, na mwajiri anaweza kuandikiwa barua ya kumruhusu mapumziko hayo. Ikiwa baada ya wiki nane za dozi kamili hakuna mabadiliko, rudini kwenye utambuzi wa ugonjwa kabla ya kubadili dawa.

Modafinili ikiachwa kwa kawaida haileti arosto, ila usingizi hurudi ndani ya siku chache, basi usiache wiki ya safari ya kuendesha hadi Dodoma. Methilfenideti ya muda mrefu na dawa za jamii ya sonona hupunguzwa polepole kwa ratiba ya daktari. Anayepunguza uzito au kufanyiwa upasuaji wa koo apimwe tena usingizi. Huenda kidonge hakihitajiki tena. Vidonge vilivyobaki virudishe famasi, hata kama mdogo wako ana mtihani wiki ijayo na anaviomba.